Haiti Si Mlio wa Bunduki Pekee

Tangu askari polisi wa Kenya walipowasili Port-au-Prince mnamo Juni 2024, jina la Haiti limezoeleka masikioni mwetu. Hata hivyo, habari zilizotufikia zimekuwa za magenge, bunduki na wakimbizi. Taifa linalojulikana kwa misiba yake tu bado halijajulikana. Mwalimu atakaye kuwaeleza wanafunzi wake Wahaiti ni watu gani, na aanze na kiongozi wa okestra, Issa El Saieh.

El Saieh alizaliwa mwaka wa 1919 huko Petit-Goâve, katika ukoo wenye asili ya Palestina. Katika miaka ya 1940 aliongoza okestra kubwa ya tarumbeta na saksafoni, iliyofuata mtindo wa jazi ya Marekani. Huo ulikuwa wakati mgumu kwa Vodou, dini ambayo mizizi yake ililetwa na watumwa kutoka Afrika. Sheria ya mwaka wa 1935 ilikuwa imeharamisha kile ilichokiita ushirikina. Kisha, mwaka wa 1941 na 1942, Kanisa Katoliki likisaidiwa na serikali liliendesha kampeni ambayo ndani yake ngoma za ibada zilichomwa moto.

Midundo ya ngoma hizo ndiyo El Saieh aliyoiingiza katika kumbi za wenye nacho. Aliwaalika mabingwa wa kumsaidia kuupanga muziki wake: Budd Johnson, mpiga saksafoni wa Marekani, na Bebo Valdés, mpiga piano wa Cuba. Hakuwaita ili Wahaiti waige ya wageni, bali ujuzi wa wageni uitumikie midundo ya Haiti.

Wapo watakaodai kwamba ngoma iliyovishwa suti si ngoma tena. Hoja hiyo ina uzito, kwani mkulima aliyechomewa ngoma yake hakuwa na nafasi katika kumbi hizo. Sanaa huweza kukifungulia mlango kilichodharauliwa. Haki kamili huhitaji sheria.

Lugha ya Krioli nayo ilipitia dhiki hiyo hiyo. Takriban Wahaiti wote huizungumza, lakini Kifaransa cha wachache ndicho kilichotawala ofisi na madarasa. Katiba ya 1987 ndiyo iliyoifanya Krioli kuwa lugha rasmi pamoja na Kifaransa, na katiba hiyo hiyo ikaifuta sheria ya 1935. Wahaiti walijipatia uhuru mwaka wa 1804. Ngoma na lugha yao zilisubiri miaka 183 zaidi.

El Saieh alifariki mwaka wa 2005. Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Je, sisi tuliopeleka polisi Haiti tutajifunza nini kutoka huko, ilhali katika baadhi ya shule zetu mtoto angali anaadhibiwa kwa kusema lugha ya mama yake?