Kine si masaji: anayetaka kufundisha tiba ya michezo afundishe kazi yote

GOMA – Kila siku ya posho na siku ya yenga, kwenye viwanja vya mitaa, kunaonekana jambo lile lile. Muchezaji anaanguka, anashika kifundo cha muguu. Mutu mumoja anaingia mbio na ndoo ya maji na chupa ya dawa ya kupuliza. Anamwaga, anapuliza, anavuta muguu, anakanda kwa nguvu. Kisha dakika mbili muchezaji anasimama, watu wanapiga mikono, mupira unaendelea. Mutu huyo wanamuita «dokta wa timu». Hakuna anayemuuliza alisoma wapi.

Kisha miezi sita, muchezaji yule hachezi tena. Watu wanasema amelogwa, ao muguu wake ni mulaini. Ukweli ni mwepesi zaidi. Kamba zinazofunga mifupa ya kifundo, zile waganga wanaita ligamenti, zilipasuka. Mahali pa kuzilinda, zilikandwa siku ile ile, na damu ikazidi kumwagika ndani. Kisha uvimbe kuisha, hakuna aliyeufundisha muguu ule kusimama upya.

Kuna vijana wenye diploma ya serikali wanaotaka kusoma kazi hiyo kwenye chuo kikuu: tiba ya michezo, ao kinesiterapi, ile watu wanaita kine. Wakisema hivyo, wanapata majibu matatu. Muzazi anasema: «Miaka yote hiyo ya masomo, kujifunza tu kukanda watu?» Mukubwa anasema: «Wakati wa vita, michezo ni mambo ya kujifurahisha.» Mufanyabiashara anasema: «Leta feza, kisha miezi mitatu utapata karatasi.» Majibu yote matatu ni mabaya. La tatu ndilo baya zaidi, sababu linafanana na musaada.

Tuanze na muzazi. Kukanda ni sehemu ndogo ya kazi hiyo, na siku nyingine ni kosa kukanda. Mwanafunzi wa kine anasoma mifupa, misuli na mishipa moja kwa moja. Anasoma namna moyo na mapafu vinafanya kazi, namna mwili unabeba uzito, namna jeraha linapona na ni siku ngapi linahitaji. Anajifunza kujua wakati wa kusema: «Huyu si wangu, apelekwe hospitali.» Kwa mufano, muchezaji aliyeumia kifundo, kama hawezi kutembea hatua 4, ao mufupa unauma ukifinywa nyuma ya kifundo, anapaswa kupigwa radiografi mbele ya mutu yeyote kumugusa zaidi. Dokta wa ndoo hajui jambo hilo. Katika mufumo wa LMD, lisansi kwa kawaida ni miaka 3 na krediti 180. Muzazi anayeona hiyo ni mingi ajiulize kama angekubali goti la mutoto wake lishikwe na mutu aliyesoma wiki mbili.

Kine anajua pia kuzuia, na hilo ndilo watu wa mupira hawalioni. Kuna programu ya mazoezi inayoitwa FIFA 11+. Inachukua karibu dakika 20 mbele ya mazoezi ya kawaida, na haiombi mashini wala feza, paka kiwanja na mutu anayejua kuielekeza sawasawa. Utafiti uliofanywa Norway kwa wasichana wa miaka 13 mpaka 17, na kutangazwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba ajali zote kwa jumla zilipungua karibu theluthi moja. Kwenye muji ambako kiwanja cha mutaa ni mawe ya volkano na vumbi, programu ya namna hiyo ingepaswa kujulikana na kila timu ya watoto. Lakini viongozi wa timu wanatafuta feza za kuleta mufungaji mupya, na hawatafuti hata franka moja ya kulinda magoti ya wale wanao tayari.

Sasa mukubwa anayesema vita haina fasi ya michezo. Huyo hajatembea kwenye makambi na kwenye hospitali. Vita ndiyo inajaza kazi ya kine. Mutu aliyepigwa risasi kwenye paja, munganga anamupasua na kuokoa maisha yake. Lakini kama kisha pale hakuna anayemuamusha, kunyoosha goti lake na kumufundisha kutembea na magongo, atatoka hospitali akiwa hai na asiyeweza kulima. Aliyekatwa muguu chini ya goti, kama analala kila usiku na muto chini ya goti ili maumivu yapungue, goti linakauka likiwa limekunjwa. Likikauka hivyo, muguu wa bandia hauvaliki muzuri. Hakuna aliyemutakia mabaya. Hakuwepo tu mutu wa kumuambia atoe muto.

Na mutu huyo harudi kwenye nyumba yenye sakafu ya simenti. Anarudi kwenye hema, ao kwa ndugu aliyemupokea, na njia ya kwenda kuteka maji ni mawe makali ya Nyiragongo. Kumufundisha kutembea na magongo kwenye koridoo ya hospitali hakutoshi. Anahitaji mutu atakayefuata njia ile pamoja naye.

Tena mupira wenyewe si mambo ya kujifurahisha tu. Kijana aliyekimbia kijiji chake, asiye na shamba wala masomo, mara nyingi kiwanja ndicho fasi moja tu anapoitwa kwa jina lake. Akiumia na kukosa matunzo, anapoteza hicho pia. Waliokatwa muguu nao wana mupira wao: timu ni watu 7, wachezaji wanakimbia na magongo mawili, na mulinda goli ni mutu aliyekosa mukono. Mugonjwa anayejua kwamba kuna mupira unaomungojea anafanya mazoezi ambayo angekataa kuyafanya juu ya kitanda. Goti la muchezaji na goti la mujeruhi ni goti lile lile. Bega la mulinda goli na bega la musukuma chukudu ni bega lile lile.

Kwa hiyo jibu la mufanyabiashara linaanguka lenyewe. Mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza ni mazuri, na kila timu inapaswa kuwa na mutu aliyeyafanya. Lakini mutu huyo aitwe jina lake, musaidizi. Kumupatia karatasi ya «tiba ya michezo» na kumuachia miguu ya watu ni kuuza hatari kwa bei ya diploma.

Hata wenye nia nzuri wanaweza kukosea hapa. Kule Uingereza, tiba ya michezo ni digrii yake peke, ya miaka 3, mbali na digrii ya kine. Kule inawezekana, sababu hospitali zina watu wengine wa kuhudumia mutu aliyepooza, mutoto aliyezaliwa na shida ya ubongo, ao muzee aliyevunjika nyonga. Hapa nani atawahudumia? Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba katika inchi nyingi zenye uwezo mudogo na wa katikati, wataalamu wa kazi hii hawafiki 10 kwa watu milioni 1. Mukoa ulio na njaa ya namna hiyo hauwezi kufundisha mutu kuhudumia muchezaji tu. Afundishwe kine yote, na michezo iwe ndani ya masomo yake: kiwanja asubui, chumba cha wagonjwa mchana.

Na afundishwe karibu. Chuo Kikuu cha Kinshasa kina idara ya tiba ya mwili na urekebishaji kwenye fakilte yake ya uganga. Ni jambo la kushukuru, lakini kutoka Goma mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1500 hata kwa ndege, na barabara ya kuunganisha miji hiyo moja kwa moja haipitiki. Ngambo ya mupaka, Chuo Kikuu cha Rwanda na kile cha Mbarara, Uganda, vinafundisha kazi hii, lakini kwa Kiingereza, na mutoto wa Kivu amesoma kwa Kifaransa. Mutoto wa tajiri ataruka vizuizi hivyo. Mutoto wa familia iliyohama makwao hataviruka. Na yeye ndiye angebaki kufanya kazi kati ya watu anaowajua.

Fasi za kufanyia staji ziko. Shirika la Umoja kule Goma na Heri Kwetu kule Bukavu ni vituo vinavyojulikana tangu zamani kwa kuhudumia watu wenye ulemavu. Vyuo vikuu vya mashariki vinavyofungua kila mwaka oditwari nyingine ya sheria ao ya menejimenti viseme wazi kwa nini havitii nguvu ile ile kwenye lisansi ya kine yenye walimu wake, meza zake na wagonjwa wake. Mashirika ya kiutu yanayolipa kupasuliwa kwa majeruhi yalipie pia masomo ya yule atakayewatembeza. Na shirikisho la mupira likatae timu kuingia kwenye ligi kama haina hata musaidizi mumoja aliyefunzwa.

Familia nazo zina nguvu yao, sababu ndizo zinalipa. Mbele ya kutoa feza ya minerivali kwa shule yoyote inayotangaza kine ao tiba ya michezo, muzazi aulize maswali manne. Diploma inatambuliwa na serikali? Walimu wangapi ni watu wa kine wenyewe? Staji ni saa ngapi, na iko hospitali gani? Mwanafunzi atamugusa mugonjwa wa kwanza mwaka gani, na nani atakuwa amesimama pembeni yake? Kama shule inashindwa kujibu moja tu, muzazi arudishe feza mufukoni na atafute pengine.