Rudini naye hadi darasa la nne

Kuna miaka ambapo mwezi Januari shule zetu za kata hupokea wageni wa aina mbili kwa mpigo: wanafunzi wa kidato cha kwanza na walimu wa ajira mpya. Wiki haiishi kabla hawajakutanishwa darasa moja, maana ndivyo ratiba zinavyopangwa. Mwalimu mzoefu hubakishwa kidato cha nne, ambako kuna mtihani na matokeo yatakayosomwa na wilaya nzima. Mgeni hupewa kidato cha kwanza, "azoee kwanza". Nasema wazi kwamba tunapanga kinyume, na wanaoumia ni watoto.

Nafundisha hisabati Newala, juu huku kwenye uwanda wa Wamakonde. Niliingia kazini enzi za walimu wa leseni, sisi tuliomaliza kidato cha sita, tukapigwa msasa mwezi mmoja, tukapelekwa vituoni kuziba mapengo ya shule za kata zilizokuwa zikiota kila kona. Mtaani walituita voda fasta. Shahada nilikuja kuisoma Chuo Kikuu Huria nikiwa tayari kazini. Nayataja haya ili kijana anayeripoti na barua yake ya ajira ajue kwamba anayezungumza naye alianza na kidogo kuliko alichonacho yeye.

Katika mtihani wa hisabati wa kidato cha nne, D inaanzia alama 30 kati ya 100. Hata hivyo, kwa miaka mingi sasa wanaoifikia hawatimii theluthi ya watahiniwa. Matokeo yakitoka, watu hutafuta mchawi: walimu wavivu, watoto wa simu, mtihani mgumu. Mimi nikichukua daftari la mtoto wa kidato cha nne aliyekwama, nikazifuata hatua zake mstari kwa mstari, ni nadra kukuta kwamba kilichomwangusha ni logarithimu. Nakuta 1/2 + 1/3 = 2/5. Nakuta −3 − 5 = 8, kwa sababu kuna siku alisikia kwamba hasi kwa hasi ni chanya, akaenda nayo kila mahali. Nakuta 0.35 imewekwa mbele ya 0.5. Hayo ni mambo aliyopaswa kuyamaliza mapema. Darasa la saba alivuka nayo kwa kuwa maswali mengi ya mtihani ule ni ya kuchagua herufi, kidato cha pili akavuka nayo kwa kukariri, na sasa anaulizwa milinganyo.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, wiki ya kwanza usikimbilie mada ya kwanza ya muhtasari. Andika ubaoni maswali kumi ya darasa la nne hadi la sita: kutoa kwa kukopa, kugawanya kwa namba yenye tarakimu mbili, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kupanga desimali kutoka ndogo hadi kubwa, MAGAZIJUTO, KDS ya namba tatu. Yaandike kwa Kiswahili, lugha waliyosomea. Siku inayofuata yarudie kwa Kiingereza, ukibadilisha namba tu. Mtoto aliyepata jana akakosa leo anajua hisabati, kilichomshinda ni maelezo ya swali. Aliyekosa siku zote mbili ana shida nyingine kabisa. Usipowatenganisha hawa wawili mapema, utawaita wote wazito, na utakuwa umewakosea wote. Alama za zoezi hilo usizisome mbele ya darasa. Ziandike kwenye daftari lako mwenyewe, jina kwa jina, na swali lililomkwamisha kila mmoja.

Utaniambia darasa lina watoto themanini. Najua, langu pia limefika huko. Ndiyo maana, baada ya zoezi lile la wiki ya kwanza, nasema kazi za kila siku toa maswali matatu, acha kutoa kumi. Kusanya madaftari ya safu mbili leo, safu mbili kesho, hadi mwisho wa wiki utakuwa umemsoma kila mtoto. Na unaposahihisha usipige mkasi mwekundu kwenye jibu ukapita. Tafuta hatua ya kwanza iliyokwenda kombo, izungushie duara, uache. Mtoto akirudishiwa daftari anaona kwamba mistari mitatu ya juu ilikuwa sawa na kwamba njia ilipinda mahali pamoja tu. Hilo humbadilisha mtoto kuliko hotuba yoyote ya mstarini.

Kusoma kosa nilifundishwa na mwalimu mmoja mzee aliyekuwa anakaribia kustaafu. Hakuwa na maneno mengi. Mtoto akileta jibu la ajabu, mzee alimsogezea kiti na kumwambia, "Mwanangu, hebu nieleze umepitaje hapa." Kisha alinyamaza kweli. Siku moja binti wa kidato cha pili alimweleza kwa nini 0.35 ni kubwa kuliko 0.5: thelathini na tano ni nyingi kuliko tano. Mzee akamwambia hoja yake ina mantiki, na ndiyo maana imemdanganya muda mrefu. Akamchorea mraba wa vyumba mia, wakapaka rangi vyumba thelathini na tano, halafu pembeni mraba mwingine, wakapaka nusu. Kazi hiyo haikuchukua hata nusu ya kipindi. Yule binti hakuwa mtoto wa ajabu baada ya hapo. Aliendelea kuhangaika na jometri hadi mwisho, akamaliza kidato cha nne na C ya hisabati. C ile naiheshimu sana.

Namba hasi nazifundisha kwa deni la dukani, kwa kuwa hapa hakuna nyumba isiyolijua daftari la mkopo. Unadaiwa 300, ukakopa tena sukari ya 500, unadaiwa 800. Basi −300 − 500 ni −800. Mtoto akishaliona hilo, ile kanuni ya kuzidisha inabaki kwenye kuzidisha.

Sasa fimbo. Kanuni za nchi zinajulikana: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, tena kwa utovu wa nidhamu mkubwa, na viandikwe kwenye daftari la adhabu. Jibu lisilo sahihi halimo humo. Pamoja na hayo, mwalimu mpya atakuta shule ambako ukikosa maswali matano unachapwa tano, na ataambiwa kwamba asipofanya hivyo darasa litamzoea. Usikubali. Nimekaa muda wa kutosha kuona kinachofuata: watoto wanaanza kudesa wote jibu la mtoto mmoja, madaftari yanakuwa safi, na wewe hujui tena nani kakwama wapi. Wengine wanatoweka siku yenye vipindi viwili vya hisabati. Mtoto anayekuogopa hatakuonyesha kosa lake, na kosa lake ndilo unalolihitaji ili umfundishe.

Jambo jingine ambalo vyuo haviwezi kukuandaa nalo ni kalenda ya mahali unapopelekwa. Huku kwetu korosho huanza kuokotwa kwa wingi kuanzia Oktoba, wakati ule ule kidato cha nne wanajiandaa na mtihani wa Novemba. Kuna watoto watakosekana wiki nzima. Kabla hujawaita watoro, jua kwamba daftari, sare na kodi ya geto wanakoishi watoto hao vinatoka kwenye korosho hizo hizo. Simtetei mzazi anayemwondoa mtoto shuleni, na nimewaambia wengi uso kwa uso. Lakini mtoto akirudi lazima akute mahali pa kuanzia. Mimi naweka daftari moja la darasa. Kila kipindi mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri anaandika humo mifano tuliyofanya, hatua zote, na linakaa kwa kiranja. Aliyekosa anaazima, ananakili, ananiletea swali moja alilolifanya mwenyewe. Gharama yake ni daftari moja la kaunta kwa mwaka. Penye kahawa, mpunga au uvuvi utakuta msimu wake. Uliza wiki ya kwanza.

Wakuu wa shule na wathibiti ubora nao wana sehemu yao. Mwalimu mpya akitembelewa darasani anaulizwa azimio la kazi, andalio la somo, shajara, halafu linakuja lile swali kubwa: umefika mada ya ngapi? Sijawahi kusikia mtu akimuuliza ni wanafunzi wangapi wa darasa lake wanaoweza kujumlisha sehemu. Kijana anajifunza haraka kile wakubwa wanachokitazama, anakimbiza mada, anajaza shajara, darasa linabaki nyuma. Mpeni kidato cha kwanza mwalimu wenu bora wa hisabati, na mgeni akae naye muhula mzima, wagawane madaftari na vipindi. Najua wengine watasema kidato cha nne kitaanguka. Kimekuwa kikianguka huku tukipanga hivi hivi.

Na wewe, mwanangu uliye kidato cha pili au cha tatu, unayesema hisabati si ya ukoo wenu. Mtihani wa mwisho wa hisabati kama ulivyo sasa una maswali kumi ya sehemu A, kila moja alama 6. Ukifanya vizuri matano tu, una 30. Mara nyingi la kwanza ni la namba tupu: sehemu, desimali, makadirio, KDS na KKS. Usilidharau swali hilo kwa kuwa linafanana na ya shule ya msingi. Ni lako, na sharti lake ni urudi ukajifunze pale ulipoparuka.

Azima kitabu cha hisabati cha darasa la tano kwa mdogo wako. Usione haya. Fungua sura ya sehemu, fanya mifano, kisha ifunike na uifanye tena kwenye karatasi tupu. Ukiweza kuirudia bila kuchungulia, umejua. Ukiitazama tu ukatikisa kichwa kwamba umeelewa, hujaelewa bado, hata kama jibu unalikumbuka. Chukua aina moja ya maswali kwa wiki. Ukikosa, usifute. Acha kosa lionekane, andika lililo sahihi chini yake, na umpelekee mwalimu mistari yote miwili. Mwambie, "Mwalimu, nilipita hapa, kwa nini si sawa?" Mwalimu aliyechoka na madaftari themanini anaweza kukujibu kwa mkato siku ya kwanza. Nenda tena kesho yake, ukiwa na shikamoo na swali lile lile.

Kuna jambo moja linanisikitisha kila jioni ninapopita madarasani watoto wakiwa kwenye diskasheni. Mmoja anayejua amesimama ubaoni anakokotoa, kumi na watano wamekaa wananakili na kuitikia. Wanaondoka na madaftari yaliyojaa, wakiamini wamesoma. Aliyesoma pale ni yule mwenye chaki. Kama ninyi ni marafiki wa kweli, badilisheni: asimame anayesuasua, akokotoe kwa sauti, na yule anayejua akae chini anyamaze mpaka aulizwe. Mara ya kwanza itawachukua saa nzima kwa maswali mawili. Hata kama mmeishia mawili, jioni hiyo imetosha.