Mfungwa Naye Apewe cha Kutunza

Wito wa Idara ya Magereza nchini Kenya ni maneno matatu tu ya Kiswahili: Kurekebisha na Haki. Ni wito mzuri, na mwanafunzi yeyote wa lugha atatambua kwamba aliyeutunga hakuanza na adhabu. Alianza na kurekebisha. Lakini kitenzi hicho kina deni. Kurekebisha ni kukirudisha kitu katika hali ya kufaa. Je, mtu anayeamshwa kwa kengele na kulazwa kwa kufuli hurekebishwa na nini hasa? Hilo ndilo swali ninalokusudia kulijadili leo, na jibu langu huenda likawachekesha baadhi ya wasomaji. Naamini kwamba mfungwa hurekebishwa, pamoja na mambo mengine, kwa kukabidhiwa kiumbe amtunze; na kiumbe huyo anaweza hata kuwa mbwa koko.

Kwa kuwa riziki yangu naipata kwa kufundisha isimu, naomba mnivumilie nianze na sarufi. Tazameni vitenzi vinavyomhusu mfungwa. Yeye hukamatwa, hushtakiwa, huhukumiwa, hufungwa, huhesabiwa, hulishwa, hupekuliwa, huhamishwa, na siku moja huachiliwa. Hata jina lake, mfungwa, limeundwa kutokana na kauli ya kutendwa. Tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho yeye si mtenda wa lolote, ni mtendwa. Kisha, baada ya miaka mitano au kumi ya kuishi katika kauli hiyo, tunamfungulia lango na kumwamuru aanze mara moja kutenda: atafute kazi, alee watoto, alipe kodi ya nyumba, aamue mambo yake kwa busara. Akishindwa, twasema jela haikumfunza kitu. Ama kwa hakika ilimfunza. Ilimfunza kungoja kutendewa.

Hali hii ina historia. Neno gereza, kwa maoni ya wanaisimu wengi, lilitokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ngome ya Fort Jesus kule Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilitumiwa na serikali ya kikoloni kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Yaani neno lililozaliwa mahali pa toba likaishia mahali pa minyororo. Magereza tuliyorithi yalibuniwa ili kumtisha Mwafrika, wala si kumrekebisha, na haitoshi kubadilisha maandishi ya langoni ilhali shughuli za ndani zinabaki zile zile.

Sasa tuangalie waliojaribu njia nyingine. Mwaka 1981, katika gereza la wanawake lililoko Gig Harbor, jimbo la Washington nchini Marekani, ulianzishwa mpango wa kuwapa wafungwa mbwa wawafunze. Aliyeuanzisha ni Pauline Quinn, mama ambaye katika ujana wake alionja mwenyewe maisha ya kufungiwa katika taasisi, na ambaye baadaye alikuwa mtawa wa Kikatoliki. Alisaidiwa na Leo Bustad, msomi mashuhuri wa utabibu wa wanyama. Mbwa waliochukuliwa walikuwa wale waliotupwa na wenyewe, ambao pengine wangeuawa kwa kukosa wa kuwafuga. Wanawake wale waliwalisha, wakawaosha, wakawafundisha kutii, kuokota kitu kilichoanguka na kumsaidia mtu asiyejiweza. Mbwa aliyefuzu alikabidhiwa mlemavu. Yule ambaye hakufikia kiwango hicho alipewa familia iliyotaka mbwa mwenye adabu. Wafungwa nao walipata ujuzi unaotambuliwa wa kutunza wanyama, ambao wangeweza kutoka nao wakautafutia kazi. Mwaka 1997 mpango mwingine wa namna hiyo ulianzishwa katika jimbo la New York, na wanawake wa gereza la Bedford Hills wakawa miongoni mwa walezi wa kwanza wa vijibwa vyake.

Naona tayari msomaji akitikisa kichwa na kusema kuwa hayo ni mambo ya Wazungu, ambao mbwa wao hulala kitandani. Basi tuondoke Marekani twende Gulu, kaskazini mwa Uganda. Huko vita vya waasi wa Joseph Kony viliwaacha watu wengi na majeraha ya moyo yasiyoonekana kwa macho. Francis Okello Oloya, aliyepofuka akiwa mvulana wa miaka 12 kwa kilipukaji kilichosalia shambani, alianzisha mpango wa kuwakutanisha manusura wa vita hivyo na mbwa waliookotwa barabarani. Mbwa huchanjwa na kuhasiwa kwanza, kisha manusura na mbwa wake hufunzwa pamoja. Wanaofuzu huwa walimu kwa wenzao, wakaeneza vijijini na shuleni somo la kuwatendea wanyama kwa huruma. Gulu si gereza, lakini imetuthibitishia kwamba Mwafrika maskini, aliyeteswa na ulimwengu, hupata nafuu anapoaminiwa kumtunza kiumbe aliyeteswa kama yeye. Hilo halina rangi.

Turudi nyumbani. Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021, una gereza la wanawake. Kama ilivyo katika magereza mengine ya wanawake nchini, wengi wanaopita humo si majambazi. Ni maskini waliopika chang'aa ili kulipa karo, waliochuuza bila leseni, au walioshindwa kulipa faini ambayo mtu wa kipato cha wastani angeilipa kwa pesa za mfukoni. Wapo pia waliohukumiwa vifungo virefu kwa makosa mazito. Sheria humruhusu mtoto mchanga kukaa na mamake gerezani hadi atimize miaka minne. Baada ya hapo hutenganishwa naye, na mama huyo hubaki na mikono isiyo na cha kushika.

Nje ya kuta hizo, katika jiji hilo hilo, kuna mbwa wasio na idadi. Wako kwenye jaa la Gioto, wako nyuma ya mabucha na katika vichochoro vya masoko. Mbwa hawa si kero tu. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya wataalamu, wengi wao wakiwa wakazi wa Afrika na Asia, na takribani visa vyote hutokana na kuumwa na mbwa. Serikali yetu ilizindua mwaka 2014 mpango wa kuuangamiza ugonjwa huo ifikapo 2030. Wataalamu wanatuambia kuwa tukichanja asilimia 70 ya mbwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kazi hiyo inahitaji watu wasioogopa mbwa, wanaojua kumshika, kumtuliza na kumfunga kamba. Watu hao watatoka wapi?

Mnaona basi jinsi mahitaji mawili yanavyokaribiana. Upande mmoja kuna wanawake wenye muda na wasio na dhamana. Upande wa pili kuna wanyama wasio na mwenyewe na jamii isiyo na wahudumu. Na maili chache kutoka hapo, kule Njoro, Chuo Kikuu cha Egerton kina kitivo cha utabibu wa mifugo, chenye wahadhiri na wanafunzi wanaohitaji mahali pa kujifunzia. Kinachokosekana si mali. Ni mtu wa kuunganisha.

Haifai hata hivyo kulipamba pendekezo hili kama kwamba halina miiba. Pingamizi la kwanza ni la chakula. Itakuwa fedheha kubwa mbwa ale nyama mbele ya mwanamke anayekula maharagwe yenye wadudu. Kwa hiyo sharti la kwanza liwe kwamba hata punje moja isitolewe katika posho ya wafungwa. Waanze na mbwa watano au sita tu, na chakula chao kitokane na mabaki ya machinjio na ufadhili wa nje. Ikiwa hilo haliwezekani, mpango usianzishwe.

Pingamizi la pili ni la dini. Fikihi ya madhehebu ya Shafi, ambayo hufuatwa na Waislamu wengi wa nchi hii, huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Imani hiyo iheshimiwe: asilazimishwe mtu, na mabanda yawe mbali na mahali pa kupikia na pa kusalia. Hata hivyo, tusisahau kwamba Kurani Tukufu yenyewe inawataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa, na kuhalalisha windo lao. Mbwa mwenye kazi na mafunzo si mgeni katika dini yoyote ya hapa kwetu.

Pingamizi la tatu ni la kumbukumbu. Katika Bonde la Ufa, ardhi iliyoitwa ya Wazungu, mbwa alikuwa silaha ya bwana shamba. Hadi leo malango mengi yana kibao kilichoandikwa "Mbwa Kali". Walimu wenzangu wa Kiswahili wamechoka kukisahihisha: mbwa ni kiumbe hai, na kivumishi chake hakina budi kuwa mkali. Lakini naona kosa hilo lina ukweli wake. Aliyekiandika kibao kile hakumhesabu mbwa kuwa kiumbe. Alimhesabu kuwa chombo, sawa na kisu kikali au dawa kali. Nasi tukamrithi kwa maana hiyo. Anayemfunza mbwa kwa upole humrudishia upatanisho wake wa kisarufi, na pengine naye hujirudishia wake.

Pingamizi la nne ndilo zito kuliko yote. Kumfunza mbwa huchukua miezi mingi, ilhali wengi wa wanawake hawa hufungwa kwa miezi michache. Ni kweli. Mpango huu uwahusu wale wenye vifungo virefu. Kwa wale wa makosa madogo, jibu la haki si mbwa. Ni kutowafunga kabisa. Sheria ya huduma kwa jamii tunayo tangu 1998, nayo inamwezesha hakimu kumwadhibu mkosaji bila kumtenga na watoto wake. Mwanamke aliyepatikana na lita tano za chang'aa angeweza kusaidia katika kampeni ya chanjo ya mbwa mtaani mwake, akarudi jioni kuwapikia wanawe. Tusimtumie mbwa kama pambo la kufunika dhuluma.

Lipo jambo jingine linalonigusa kitaaluma. Wakenya wengi huwatukana watu kwa kuwaita mbwa kwa Kiswahili, lakini wanapowaamuru mbwa wenyewe huwasemesha kwa Kiingereza, kana kwamba mnyama huyo alisomea Oxford. Mbwa hajui lugha. Anajua sauti, mkono na uthabiti wa anayemwita. "Keti", "lala", "njoo", "acha" na "ngoja" ni maneno mafupi yanayotosha kwa mafunzo yote ya awali. Mwanamke ambaye kwa miaka mingi ameamriwa tu atajifunza kutamka amri bila matusi wala ghadhabu, kwa sababu mbwa anayefokewa huogopa, na anayeogopa hajifunzi. Ningependa walimu walitafakari hilo wakiwa na kiboko au bila kiboko mkononi.

Tukumbuke pia kwamba imani anayopewa mfungwa haijawahi kupotea bure katika ukanda wetu. Susan Kigula alikuwa amehukumiwa kifo katika gereza la Luzira, Uganda. Kesi iliyobeba jina lake iliamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2009, ikaondoa ulazima wa hukumu ya kifo; yeye mwenyewe akasomea sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa ndani, akatoka mwaka 2016. Wafungwa wa Kamiti na Lang'ata nao wamesomea sheria kwa njia hiyo hiyo. Sidai kwamba mbwa ni sawa na shahada. Lakini si kila mfungwa ana elimu ya kumfikisha kwenye shahada, na wasio na cheti cha sekondari nao wana haki ya kurekebishwa.

Kwa hiyo nawasihi wanaohusika. Idara ya Magereza ifungue mlango wa jaribio dogo Nakuru, lenye kipimo na muda maalumu. Serikali ya kaunti itoe chanjo na madaktari wa mifugo. Chuo kikuu kitoe wakufunzi na cheti, maana ujuzi usio na karatasi huishia langoni. Nanyi wanafunzi mnaosoma safu hii, siku mtakapokuwa waajiri, msimuulize mama huyo alifungwa kwa nini kabla ya kumuuliza anajua kufanya nini.

Wahenga walinena kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Mwanamke aliye Nakuru na kifungo cha miaka kumi anaogelea gizani. Tumwonyeshe ufuko, ataogelea mwenyewe.