Muguka Nao Upimwe

Ukishuka matatu pale Kengeleni saa tisa alasiri, hutakosa kuviona vibanda vya muguka. Wateja wamejaa, mashavu yamevimba utadhani wote wanaumwa na jino. Kaka yangu ni mmoja wao. Simtetei. Lakini kuna swali linalonikera: ni nani aliyeyapima yale majani?

Mwezi wa Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka katika Kaunti ya Mombasa, Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Watu wa Embu wakapiga kelele, kwani huko Mbeere ndiko unakolimwa, na ndiyo karo ya watoto wao. Rais akasema marufuku hiyo haina nguvu maana sheria ya nchi inautambua muguka kuwa zao. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikaisimamisha. Katika mabishano yale yote, mie nilisikia habari za pesa na habari za vijana kuharibika. Sikusikia hata mtu mmoja akileta karatasi ya maabara.

Sasa tazama ajabu hii. Mishiri inayopelekwa Ulaya hupimwa masalio ya dawa za wadudu, manake wanunuzi wa huko wakiyakuta wanaikataa. Unga nao una alama ya KEBS. Mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, na Novemba 2019 KEBS ikazuia aina 5 za unga kwa sumu hiyo hiyo. Na ugali hupikwa! Muguka haupikwi. Huchumwa leo, gari likakimbia nao usiku kucha kwa sababu nguvu zake hupungua baada ya siku mbili hivi, na kesho uko mdomoni. Kama mkulima alinyunyiza dawa juzi, nani atajua?

Huko California, Marekani, bhangi imeruhusiwa (hapa kwetu ni jela). Tangu 2018 kila shehena lazima ipitie maabara yenye leseni kabla ya kufika dukani. Hutafutwa dawa za wadudu, kuvu, na madini kama risasi na zebaki, na ukali wake huandikwa kwenye paketi. Shehena ikianguka mtihani, haiuzwi. Sisemi tuige bhangi yao, la hasha! Nasema hata wao hawakuiacha ipite hivi hivi.

Kwa maoni yangu, kama serikali inasema muguka ni zao kama mazao mengine, basi na upimwe kama mazao mengine. Gari likifika tu, KEBS au Mkemia wa Serikali wachukue konzi wakapime.

Mwalimu wetu mmoja aliniambia kupima ni kubariki. Namheshimu, lakini sigara haikubarikiwa kwa kuandikwa onyo. Na pengine majibu ya maabara yatawafaa wanaotaka marufuku kuliko kelele.

Nilimwuliza muuzaji mmoja kama majani yake yamepimwa. Akacheka. "Wapime nini mwanangu, majani ya Mungu haya!" Kaka yangu yeye siku hizi huyaosha kwanza, ingawa dawa nyingine huingia ndani ya jani wala hazitoki. Huyaosha kwa maji ya kisima chetu, ambayo nayo sijui nani aliyapima.