TAHARIRI: MPIRA WA RABAT NA MAJINA YA VIJANA



Siku ya Jumapili tarehe 4 Januari 2026 tulipalilia mpaka saa tisa tu. Majembe yalirudi nyumbani mapema na hakuna aliyeuliza kwa nini. Taifa Stars ilikuwa inacheza na Morocco kule Rabat, saa moja usiku kwa saa zetu, na tangu tupate Uhuru timu yetu haikuwa imepata kufika hatua ya mtoano ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilifika kwa pointi mbili, ndiyo, za sare na Uganda na sare na Tunisia. Nigeria walitufunga 2-1. Kushinda hatukushinda hata mchezo mmoja, wala katika fainali za 1980, 2019 na 2023 hatujapata kushinda. Lakini mwenye njaa hachagui ugali, tulifurahi.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1979, vita vya Kagera vimetoka kwisha, sukari hakuna, sabuni hakuna. Stars ikaenda Ndola kurudiana na Zambia, huku Dar es Salaam tulikuwa tumewafunga 1-0. Redio ilikuwa moja kwa nyumba nyingi, na sisi wengine tulikuwa watoto, tukifukuzwa karibu na redio kwa sababu tunapiga kelele. Peter Tino aliposawazisha, watu wazima walilia. Ndipo tukaenda Lagos 1980. Taifa lilikuwa limechoka kabisa, lakini siku ile hakuna aliyemwuliza mwenzake ni wa upande gani.

Safari hii haikuwa hivyo, na hilo ndilo tunaloliandikia.

Banda la video lilijaa mpaka nje. Kiingilio shilingi 500, watoto walichungulia bure kwenye matundu ya mabati. Umeme ulikatika kabla ya mapumziko, ikachangwa fedha ya petroli ya jenereta, na mwanachama mmoja ambaye ushirika unamdai hisa tangu mwaka juzi akatoa noti ya 5,000 bila kuombwa. Hatumsemi vibaya, tunamkumbusha tu.

Basi, ulipopigwa Wimbo wa Taifa watu wengi tulisimama. Vijana kama saba wa benchi la nyuma hawakusimama. Mzee mmoja akawauliza, ninyi si Watanzania? Kijana mmoja akajibu taratibu tu, "Shikamoo mzee. Ni Watanzania. Ila mwenzetu tuliyekuwa tukicheza naye hapa uwanjani alikwenda Dar kutafuta kibarua, na tangu Oktoba simu yake haiiti." Banda lote kimya. Mwingine akasema siasa zibaki nje, hapa ni mpira. Mwingine akasema huyo kijana kachochewa. Mpira ukaanza, yakaishia hapo.

Dakika ya 64 Brahim Díaz akatufunga. Wale vijana walishika vichwa kama sisi wote. Na dakika za mwisho mchezaji wetu alipoanguka ndani ya boksi, wa kwanza kuruka na kudai penati walikuwa hao hao ambao hawakusimama. Mwamuzi akapeta. Tukatoka 1-0, tumenyamaza, na mpaka leo watu wanabishana juu ya ile penati kisimani.

Kesho yake asubuhi alikuja mtu nyumbani kwa Katibu, akataka aandikiwe majina ya wale vijana saba. Hatutasema ni nani. Alisema ni kwa ajili ya usalama wa kijiji. Majina tunayafahamu yote, na majina ya mama zao. Hatukuandika.

Tunajua wako watakaosema Katibu wa Chama ameingia woga, au amegeuka. Jamani, hebu tuelewane. Sisi tulijua kuandika tukiwa watu wazima, kwenye darasa la jioni, kwa taa ya kandili, mikono imekakamaa kwa jembe. Kabla ya hapo tulikuwa tunatia dole gumba kwenye karatasi za mauzo ya tumbaku tusizojua zinasema nini. Tunajua karatasi inaweza kumfanya nini mtu asiyekuwepo inapoandikwa.

Tena Rais mwenyewe, akihutubia Bunge tarehe 14 Novemba 2025, alitaka vijana waliofuata mkumbo katika ghasia za tarehe 29 Oktoba waangaliwe na wasamehewe, na ikaundwa Tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman kuchunguza yaliyotokea. Watu walikufa katika uchaguzi ule. Hesabu kila upande unataja yake, lakini kwamba watu walikufa hakuna anayekataa. Mtandao ulifungwa siku kadhaa, Dar es Salaam watu wakaamriwa kutotoka usiku, sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba hazikufanyika. Kama hayo yote yamekubaliwa huko juu kuwa ni mambo mazito, sisi wa Shanwe tumwandike mtoto kwa kukaa kwenye benchi?

Na lawama yetu tuiseme. Wakati wa kampeni tulipita nyumba kwa nyumba kuomba kura, jua kali, viatu vimekatika. Novemba, wenzetu wenye watoto Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam walipokuwa hawalali, hatukupita hata nyumba moja kuuliza. Tulisema tusubiri maelekezo. Mama wa kijana yule anayetafutwa anaishi hatua chache kutoka ghala la ushirika, na habari yake tumeisikia bandani, kwenye mpira. Hili limetuuma kuliko bao.

Kwa hiyo tunatangaza hivi. Jumamosi ijayo, baada ya kupalilia, saa kumi jioni, tutakaa mbele ya ghala. Vijana wa benchi la nyuma waje, na wazee waliosimama waje. Kamati ya ushirika imekubali kutoa nauli ya watu wawili kwenda Dar es Salaam kumtafuta kijana wetu, mmoja wa ukoo na mmoja wa kutoka kamati, na wanaotaka kuongeza chochote wamwone Mtunza Hazina, pamoja na yule wa noti ya 5,000. Katibu ataandika yote yatakayosemwa. Nani kasema, hataandika.

Wanaosubiri mbolea wajue mkutano huo siyo wa mbolea.