Ufuko Mweusi wa Kalaupapa



Juma hili mwanafunzi mmoja alituletea picha aliyoikata katika gazeti: ufuko wa mchanga mweusi, na nyuma yake mlima uliosimama kama ukuta. Akauliza: «Mwalimu, watu hawa wanahatarisha maisha yao kwa ajili ya mchanga wa namna hii? Wangekuja Goma, tungewapa bure!» Darasa zima likacheka, nasi pia. Kisha tukasoma jina lililoandikwa chini ya picha: Kalaupapa. Hapo tuliacha kucheka.

Kalaupapa ni rasi ndogo ya kisiwa cha Molokai, katika visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Watu wa Kivu hawatashindwa kufahamu jinsi ilivyotokea. Zamani sana nusu ya kaskazini ya volkano kubwa iliporomoka baharini, ikaacha ukuta wa mawe. Baadaye volkano nyingine ndogo ilichomoza chini ya ukuta huo, na lava yake ikatandaa, ikafanya nchi tambarare. Shimo lake, liitwalo Kauhako, lipo hata sasa, na ndani yake mna ziwa dogo ambalo kina chake hupita mita 240. Mchanga ule wa picha ni mawe meusi ya volkano yaliyosagwa na maji.

Basi nchi hiyo ina bahari pande tatu, na upande wa nne ni ukuta. Njia ya miguu ni moja tu. Urefu wake ni kilometa 5 hivi, inateremka mita 500, na kona zake ni 26, kila moja na namba yake. Mvua ikinyesha, udongo huteleza na mawe huanguka kutoka juu. Kwa miaka mingi wageni waliishuka kwa miguu au juu ya nyumbu, nao walipaswa kupata ruhusa kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2018 mlima ulimomonyoka ukaharibu daraja, njia ikafungwa. Aliyemaliza kona ya mwisho alikanyaga mchanga mweusi wa Awahua.

Mgeni huyo alijua kwamba jioni atakuwa juu tena. Maelfu ya wengine hawakuwa na tumaini hilo. Mwaka 1865 ufalme wa Hawaii ulitoa sheria ya kuwatenga wenye ukoma, na Januari 1866 wa kwanza wao waliletwa kwa meli. Hapakuwa na haja ya kujenga gereza, mlima ulitosha. Katika miaka yote ya sheria hiyo watu wapatao 8,000 walipelekwa kule. Mume alitengwa na mkewe. Mtoto aliyezaliwa rasini aliondolewa mikononi mwa mama yake. Sisi tulio na watoto nyumbani tunashindwa kuandika zaidi juu ya neno hilo.

Tarehe 10 Mei 1873 alifika Padri Damiano, Mbelgiji wa kijiji cha Tremelo, mwenye umri wa miaka 33. Mwaka uo huo, katika nchi ya Norway, mganga Hansen alikiona kijidudu cha ukoma. Lakini dawa ya kukishinda ilikuwa mbali bado. Damiano alijenga nyumba, alisafisha vidonda, alitengeneza majeneza kwa mikono yake. Baadaye aliupanda mlima mara nyingi kuwatembelea wakristu wa juu, wala njia ya siku zake haikuwa nzuri kuliko hii ya leo. Lakini mwanzoni wakubwa wa afya walimkataza kabisa kutoka. Mkubwa wa shirika lake alipokuja kwa meli, nahodha hakumruhusu kushuka. Damiano alisogea kwa mashua ndogo, akaungama dhambi zake kwa sauti, kwa lugha ya Kifaransa, watu wengine wakiwa palepale. Sisi ambao huona aibu hata gizani mwa kiti cha kitubio, tuseme nini?

Yeye mwenyewe aliambukizwa, akafa tarehe 15 Aprili 1889. Dawa ilifika Kalaupapa mwaka 1946 tu, na sheria ya kutenga iliondolewa mwaka 1969. Siku hiyo njia ya kona 26 ikawa huru kwa wote. Lakini wengi walikuwa wamezeeka. Nyumba yao na makaburi ya wapenzi wao yalikuwa kule chini. Wakabaki.

Mwili wa Damiano ulikuwa umepelekwa Ubelgiji mwaka 1936, na wagonjwa walisikitika sana. Mwaka 1995, alipotangazwa Mwenye Heri, walirudishiwa mkono wake wa kuume. Wakauzika katika kaburi lake la zamani, kando ya kanisa alilowapanulia.