Kabla Mpake Meru Rangi, Shukeni Kathita Kwanza

Wasee, kila mpango wa kufufua mji huja na picha ileile ya kompyuta. Mto wa bluu, nyasi imekatwa vizuri, msee anaendesha baiskeli, na hakuna kibanda hata kimoja. Uliza mama wa ndizi ameenda wapi, utaambiwa hilo litaangaliwa baadaye.

Mimi nilisoma mipango miji mihula mitatu, halafu karo ikakataa. Cheti sina. Lakini mathe ameuza ndizi Gakoromone tangu nikiwa mgongoni mwake, kwa hivyo mkianza kuongea kuhusu katikati ya Meru, siwezi nyamaza.

Mji huu si wa juzi. Mkoloni aliweka boma hapa 1908, na lile jengo la mawe ambalo leo ni Meru Museum lilijengwa 1916 kuwa ofisi ya DC. Kando yetu kuna Kathita, maji yanayotoka Mlima Kenya na kuishia Tana. Mji wenye mto na historia ungejivunia vyote viwili. Sisi tumeupa mto mgongo: madirisha yanaangalia barabara, mabomba ya choo yanaangalia maji. Embu nao wasicheke. Hoteli yao ya zamani, Izaak Walton, ina jina la Mwingereza aliyeandika kitabu cha kuvua samaki. Leo nani atakula samaki aliyevuliwa Rupingazi baada ya maji kupita mjini? Wewe kwanza.

Kwa hivyo sipingi kufufua mji. Napinga kuanzia kwa viti vya kupumzikia na taa za rangi. Mji hufufuliwa kuanzia chini, kwa maji taka. Bomba likiendelea kumwaga mtoni, hata uweke mabenchi ya dhahabu, watu watakaa hapo wakiwa wameziba pua.

Alafu kuna hii maneno ya mita. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilisema ukingo wa mto ulindwe kwa mita zisizopungua 6 na zisizozidi 30 kila upande, kulingana na kiwango cha juu cha mafuriko. Sawa. Pimeni basi, mpige vigingi, kila mtu aone. Shida ni kwamba mita 30 huwa ndefu sana zikifika kwa kibanda cha mabati na fupi sana zikifika kwa ghorofa. Mafuriko ya 2024 yalipopiga Nairobi, watu wa Mathare na Mukuru walibomolewa nyumba, wakaahidiwa elfu 10 kila familia. Elfu 10! Hiyo ni kodi na deposit ya wapi? Machi 2025 tukaambiwa mradi wa kufufua Mto Nairobi utagharimu bilioni 50. Mimi si mtu wa hesabu, lakini hizo nambari mbili zikae pamoja kwenye meza moja tuziangalie.

Najua pia mtu ataniletea Seoul. Wapangaji wa miji wanapenda Seoul kama vile Wameru tunapenda miraa. Ni kweli, waling'oa barabara ya juu na kufikia 2005 mto wa Cheonggyecheon ukaonekana tena, karibu kilomita 6, maridadi. Sehemu ambayo haiwekwi kwenye slaidi ni wachuuzi. Wengi walihamishiwa uwanja wa Dongdaemun, wakaambiwa hapo ndipo kwao sasa. Miaka michache baadaye uwanja nao ukabomolewa, wakahamishwa tena. Mto ulipona, na wao wakawa watu wa kubeba mizigo kila mara.

Ndiyo maana nasema soko ndilo katikati ya mji, hata kuliko lile jengo la 1916. Mtu anatoka mashambani Imenti na mkungu, anauza, ananunua mafuta na sabuni, anapanda matatu. Ukimpeleka muuzaji nje ya mji apate "nafasi ya kutosha", umempeleka mahali wateja hawapiti. Nafasi atapata, hela hatapata. Basi kabla tingatinga iwashwe, kila muuzaji awe na karatasi iliyosainiwa, nambari ya meza yake na tarehe ya kurudi. Karatasi, si ahadi ya mkutano wa siasa.

Na sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka rasimu itangazwe, watu wapewe muda wa kupinga. Niliwahi kuenda mkutano mmoja wa maoni, mji sitataja. Jumanne, saa tatu asubuhi, hotelini, slaidi za Kizungu. Tulikuwa wengi wetu vijana tuliofuata chai, na hata hiyo haikutosha.

Mathe saa tatu asubuhi anashusha ndizi. Ukitaka maoni yake, njoo sokoni Jumapili alasiri na ramani kubwa ya karatasi, uitandike chini. Atakuja. Ameniambia swali lake tayari, na ni moja tu: meza yangu hapa ni ipi?